Mashine Ikisema, Nani Atakayejibu?

Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Methali hii imekuwa ikinijia mara kwa mara tangu mashine zisemazo zilipoanza kuvuma miongoni mwetu. Kampuni ya OpenAI ya Marekani ilipozindua ChatGPT mwezi wa Novemba mwaka wa 2022, wengi walidhani kuwa muujiza umeshuka ghafla kutoka mbinguni. Leo wanafunzi huziomba mashine hizi insha, makarani huziomba barua, na wapo wenye dhiki za ndoa na malezi ambao huzimwagia ya moyoni usiku wa manane. Wanaoziuza wamezisifu hadi koo zikawakauka. Wanaozihofia nao wamezilaani vya kutosha. Mimi naona heri tuiulize kata, maana kata ipo, na iliuzamia mtungi huu zamani.

Kata hiyo ni Joseph Weizenbaum. Alizaliwa mjini Berlin, Ujerumani, mwaka wa 1923 katika familia ya Kiyahudi. Mwaka wa 1936, utawala wa Hitler ukiwa tayari umeanza kuwabana Wayahudi, familia hiyo ilihamia Marekani. Kijana huyo akasomea hisabati mjini Detroit, akalitumikia jeshi la Marekani katika Vita Vikuu vya Pili akiwa mtaalamu wa hali ya hewa, kisha akajitosa katika kazi ya kompyuta wakati mashine moja ilipojaza chumba kizima. Katika miaka ya 1950 alikuwa miongoni mwa wataalamu wa kampuni ya General Electric walioshughulikia mitambo ya ERMA, ambayo iliiwezesha Bank of America kushughulikia hundi za wateja kwa kompyuta. Naitaja kazi hiyo makusudi, asije mtu akadai kwamba Weizenbaum alikuwa mzee wa kuogopa mambo mapya. Huyu alikuwa fundi hasa.

Mwaka wa 1963 alijiunga na Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, maarufu kwa jina la MIT. Huko ndiko alikoandika programu aliyoiita ELIZA, akaueleza umma kuihusu katika makala ya kitaalamu mwezi wa Januari mwaka wa 1966. Jina hilo alilitoa katika tamthilia ya George Bernard Shaw iitwayo Pygmalion, ambamo msichana muuza maua aitwaye Eliza hufundishwa kusema kama mabibi wa tabaka la juu. Fundi alijua alichokuwa akikifanya alipochagua jina hilo. Msichana wa Shaw alibadilishwa matamshi, na hakuna aliyesema kwamba kufundishwa matamshi ni sawa na kupewa roho.

Programu hiyo ilikuwa na uigizaji mmoja uliopata sifa kuliko yote. Katika uigizaji huo mashine ilijifanya mshauri wa nafsi wa mtindo wa mwanasaikolojia Carl Rogers, ambaye hakuwa na desturi ya kumwamuru mgonjwa bali alimrudishia maneno yake ili ajisikie mwenyewe. Laiti ingeandikwa kwa Kiswahili, mazungumzo yake yangekuwa na sura kama hii:

"Mume wangu ananikera."

"Mume wako anakukera?"

"Naam, hasa tangu mama yake ahamie kwetu."

"Hebu nieleze zaidi kuhusu jamaa zako."

Msomaji asiyejua siri atadhani kuna mtu ndani. Ukweli ni kwamba hakuna alichokielewa mtu wala mashine. Programu ilitafuta neno kuu katika sentensi. Ikiliona neno "mama", ilikuwa imeagizwa iulize habari za jamaa. Ikikuta nafsi ya kwanza, iligeuza kuwa nafsi ya pili. Ikikosa neno lolote la kushika, ilimhimiza msemaji aendelee, au ilirejelea jambo alilolitaja hapo awali. Basi. Ukishaonyeshwa mbinu hiyo, haiba yote huyeyuka kama barafu juani.

Niongeze neno moja la lugha hapa, kwa kuwa halina budi kutuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili. Kiingereza kilimrahisishia Weizenbaum kazi, kwani viwakilishi vyake vya nafsi ni maneno yanayosimama pekee, ambayo huweza kung'olewa na kupachikwa mengine. Kwetu sisi nafsi hukaa ndani ya kitenzi. Katika "ananikera", mtenda yuko mwanzoni na mtendwa yuko katikati, na mashine ingelazimika kulipasua neno, kuitoa "ni" na kuitia "ku". Aidha, ingepaswa kujua kwamba "ni" ya "ananikera" siyo "ni" ya "njooni". Anayetaka kuunda mashine isemayo Kiswahili sharti kwanza akijue Kiswahili chenyewe. Nitalirudia jambo hili baadaye.

Sasa tuje kwenye kiini cha habari. Weizenbaum alidhani kwamba watu wangeicheka programu yake, labda wastaajabu kidogo, kisha waende zao. Mambo yakawa kinyume. Katibu wake muhtasi, ambaye kwa miezi mingi alikuwa amemwona akiiandika programu hiyo na ambaye alijua fika kwamba ni programu tu, aliketi siku moja kuzungumza nayo. Baada ya kubadilishana nayo maneno machache, alimwomba bosi wake atoke chumbani. Alitaka faragha na mashine!

Si hayo tu. Weizenbaum alipopendekeza kwamba mazungumzo ya watu na ELIZA yahifadhiwe ili ayachunguze baadaye, alishutumiwa kwamba anataka kupeleleza siri za watu. Hebu fikiria, msomaji. Watu wale waliona aibu kwa fundi kuyasoma maneno yao, lakini hawakuona aibu kuiambia mashine ya fundi huyo huyo. Moyo wa mtu ni msitu, wazee wetu walisema, na katika msitu ule Weizenbaum alikuwa amekanyaga pahali asipopatarajia.

Kilichomtia uchungu zaidi kilitoka kwa wasomi wenzake. Daktari wa maradhi ya akili Kenneth Colby, pamoja na wenzake, waliandika mwaka wa 1966 kwamba programu za aina hii zingeweza kusambazwa katika hospitali zenye uhaba wa wataalamu, na kwamba mtambo mmoja wa kompyuta ungeweza kuwashughulikia wagonjwa mamia kadhaa kwa saa moja. Weizenbaum alishangaa. Alijiuliza ni tabibu wa namna gani anayeweza kuamini kwamba kazi yake, ambayo msingi wake ni mtu mmoja kumfahamu mwenzake, yaweza kufanywa na kitu kisichofahamu chochote.

Ndipo alipoandika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1976, Computer Power and Human Reason. Katika kitabu hicho alitofautisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Kuna kukata jambo kwa hesabu, na kuna kuchagua kwa hekima. Kompyuta huweza kufanya la kwanza, pengine kutupita sote. La pili huzaliwa na maisha ya mtu: malezi yake, mapenzi yake, hofu yake, misiba aliyoipitia na mauti yanayomngoja. Kwa hiyo, alisema, zipo kazi ambazo hazifai kupewa kompyuta hata kama inaweza kuzifanya. Kazi ya hakimu ni mojawapo. Kazi ya mganga wa nafsi ni nyingine. Wenzake wengi katika taaluma hawakumshukuru kwa maneno hayo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alikataa kulitia maji tembo lake wakati ambapo sifa zilikuwa zikimmiminikia.

Najua litakalosemwa. Patatokea mtu aseme kwamba ELIZA ilikuwa kichezeo, na kwamba mashine za leo ni kitu kingine kabisa. Ni kweli. Akili bandia za siku hizi, au akili unde kama wengine wetu wanavyoziita, hazitegemei orodha fupi ya maneno. Zimelishwa maandishi mengi mno, zikajifunza kwa hesabu ni neno gani laelekea kufuata jingine. Baina yake na ELIZA ni kama baina ya ndege na kishada cha mtoto. Lakini swali la Weizenbaum halikuhusu mashine inaweza kuruka juu kiasi gani. Alichouliza ni hiki: neno likitoka katika mashine, nani atakayejibu kwa ajili yake?

Chukua neno letu "pole". Neno hili ni fupi, lakini uzito wake wajulikana na kila aliyekuzwa katika lugha hii. Anayekupa pole hakupi habari. Anajitwisha sehemu ya mzigo wako. Akishalitamka, anadaiwa: atakuja matangani, atachanga, atabeba maji, atakesha. Asipofanya hivyo, watu watamwuliza. Mwaka fulani nilipofiwa na jirani, niliiandikia mojawapo ya mashine hizi kwa Kiswahili ili nione itasema nini. Ilinijibu kwa sarufi safi. Ilinipa pole, kisha ikaniorodheshea njia tano za kukabiliana na huzuni. Yote yalikuwa mashauri mema. Jioni hiyo hiyo nilikutana na mama auzaye mboga katika njia panda ya kwetu, nikamwambia habari zile zile. Hakuwa na orodha. Aliweka kisu chini, akauliza, "Mnazika lini?"

Swali hilo la maneno mawili lina kitu ambacho mashine haina. Mama yule aliuliza kwa sababu alikusudia kuja.

Hata hivyo, sitaki kuwa kipofu kwa upande wa pili. Hapa nchini wataalamu wa maradhi ya akili ni haba, na waliopo wengi wako mijini. Kijana wa Lodwar au wa Garsen aliyelemewa na mawazo saa nane za usiku hana daktari wa kumpigia simu. Je, si afadhali apate mashine kuliko kukosa vyote? Hoja hii ni nzito, na ndiyo ile ile ya Colby ya mwaka wa 1966. Jibu langu ni kwamba mashine na imsaidie kijana huyo kupata nambari ya hospitali, imkumbushe kumeza dawa, imweleze kwa lugha yake maana ya maradhi yake. Lakini ikiwa serikali au hospitali itaona kwamba kwa kuwa kuna mashine hakuna haja tena ya kuwaajiri washauri, hapo tutakuwa tumewapa maskini mwangwi badala ya mtu. Matajiri wataendelea kuwaona madaktari wao ana kwa ana. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Ili nisionekane kama ninayeshutumu kila kiundwacho, nitamtaja fundi mwingine aliyetembea njia hii kwa namna tofauti. Harold Cohen alizaliwa London mwaka wa 1928. Alikuwa mchoraji mwenye jina, na mwaka wa 1966, mwaka ule ule wa makala ya ELIZA, alikuwa miongoni mwa wasanii walioiwakilisha Uingereza katika maonyesho makuu ya sanaa ya Venice. Mwaka wa 1968 alikwenda California, akakutana na kompyuta, na katika miaka ya mwanzo ya 1970 akaanza kuandika programu iliyokuja kuitwa AARON. Kazi ya AARON ilikuwa kuchora. Cohen aliishughulikia kwa zaidi ya miaka 40, hadi alipofariki mwaka wa 2016.

AARON haikupewa picha za wachoraji wengine ili izidokoe. Cohen aliikalisha kitako kama mwalimu amkalishavyo mwanafunzi, akaiandikia kanuni moja baada ya nyingine: mkono hukunjika kwenye kiko, jani huota kwenye shina, kilichoko mbele hukificha kilichoko nyuma. Mwanzoni ilichora mistari na maumbo tu. Baadaye ikachora mimea na watu. Katika miaka ya 1990 ikajua kuchagua rangi, na mwaka wa 1995, katika jumba la makumbusho ya kompyuta mjini Boston, watu waliitazama ikipaka rangi kwa mkono wa mtambo. Naye Cohen, pamoja na fahari yote hiyo, alisita kuiita programu yake msanii. Uzeeni alirudi kuipaka rangi mwenyewe michoro iliyochorwa na AARON. Kila kilichokuwa ndani ya mashine ile kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alijulikana kwa jina. Ukiuliza nani atakayejibu, Cohen alikuwa amesimama pale.

Linganisha na mashine za leo zinazochora picha kwa sekunde chache. Zimejifunza kutokana na mamilioni ya picha zilizookotwa katika intaneti, na wachoraji wengi hawakuulizwa. Mwezi wa Januari mwaka wa 2023 baadhi ya wasanii walikwenda mahakamani nchini Marekani kuzishtaki kampuni zinazounda mashine hizo. Mchoraji wetu wa Nairobi au mchonga vinyago wa Machakos, ambaye picha za kazi zake zimo mtandaoni, hana hata habari kwamba huenda alikuwa mwalimu asiyelipwa.

Na si wasanii peke yao. Lipo jambo linalotugusa sisi Wakenya moja kwa moja. Mwezi huo huo wa Januari mwaka wa 2023, jarida la TIME la Marekani liliripoti kwamba vijana walioajiriwa na kampuni ya Sama jijini Nairobi walikuwa wamepewa kazi ya kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili, mateso na unajisi, ili OpenAI iweze kuifunza mashine yake kuyatambua na kuyaepuka. Jarida hilo liliripoti kwamba ujira wao ulikuwa baina ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Baadhi yao walieleza kwamba kazi hiyo iliwaachia majeraha ya moyo. Mwezi wa Mei mwaka huo, wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hii walikutana Nairobi na kuamua kuunda chama cha kuwatetea.

Ona kinaya kilichopo. Mtu wa mbali huiandikia mashine usiku akitafuta faraja, nayo humjibu kwa upole na adabu. Hajui kwamba sehemu ya adabu hiyo imelipiwa kwa usingizi wa kijana wa Nairobi. Tunaambiwa kwamba mashine haina mtu ndani. Watu wamo. Kilichokosekana ni majina yao.

Tufanye nini basi? Kwa maoni yangu, kwanza ni sheria. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Katika miaka ya 1960 watu walimkasirikia Weizenbaum kwa kutaka tu kuyahifadhi maneno yao. Leo wengi wetu tunabofya neno la kukubali bila kusoma, na siri za nyumba zetu zinakwenda kuhifadhiwa ng'ambo. Benki, hospitali au ofisi ya serikali itakayoweka mashine ya kuzungumza na wananchi ilazimishwe kusema wazi kwamba hiyo ni mashine, ieleze maneno yanahifadhiwa wapi, na imtaje afisa atakayejibu mashine ikipotosha.

Pili, tujenge zetu. Maandishi ya Kiswahili yaliyomo mtandaoni ni machache mno yakilinganishwa na ya Kiingereza, na ndiyo sababu mashine nyingi husema Kiswahili chenye harufu ya ugenini. Wapo Waafrika ambao hawakungoja kuletewa. Kikundi cha watafiti kiitwacho Masakhane, ambacho jina lake la Kizulu lina maana ya "tujenge pamoja", kimejitolea kuzitafitia lugha za bara hili. Mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla nao umewapa wasemaji wa Kiswahili nafasi ya kuchangia sauti zao. Vyuo vyetu vikuu vyafaa kuwaketisha pamoja mwanafunzi wa kompyuta na mwanafunzi wa isimu, kwani asiyejua tofauti ya "ni" na "ni" hatatuundia chochote.

Tatu, mtoto shuleni afundishwe jinsi mashine hizi zinavyofanya kazi. Weizenbaum aliamini kwamba siri ikielezwa, uchawi hutoweka. Mtoto akijua kwamba kinachomjibu ni hesabu, atakitumia kama atumiavyo jembe, wala hatakipigia magoti.

Mwaka wa 1996 Weizenbaum alirudi Berlin, mji uliomfukuza angali mtoto, na akafariki nchini Ujerumani mwaka wa 2008 akiwa angali anaonya. Mwaka wa 2021 msimbo asilia wa ELIZA ulipatikana katika hifadhi za MIT, na wataalamu wameufufua ukafanya kazi tena. Programu imerudi, fundi hayupo. Wajibu aliouacha umetuangukia sisi.

Mashine na zizungumze, na zichore, na ziimbe zikipenda. Tunachopaswa kukikataa ni neno lisilo na mwenyewe. Ahadi ni deni, na deni hudaiwa mtu.